Saa ya bei kubwa iliyokwisha kuvaliwa: hesabu ya kufanya kabla hujatoa dola

Swali huja kwa sura ileile. "Yaya, kuna kijana ameniletea Rolex, anataka dola 800. Nimpe?" Mwingine ameambiwa anunue Omega ya marehemu mzee fulani, maana familia inatafuta ada ya shule. Wa tatu ana shemeji yake Dubai anayemtumia picha usiku na kumtaka ajibu kabla hakujapambazuka. Wote wanaomba niwatajie namba moja: hii ni bei ya haki, au naibiwa?

Kwa jina la saa na picha ya simu, hakuna mtu wa kukutajia namba hiyo, na anayeitaja haraka ana lake. Ninachoweza kukupa ni njia ya kuihesabu mwenyewe, umekaa kwako Kapalata hapa Kisangani, kalamu mkononi. Njia yenyewe ni ya kutoa. Unaanza na bei ambayo saa ya aina hiyo imeuzwa kweli huko nje, kisha unapunguza kila kitu ambacho muuzaji ameshindwa kukithibitisha. Kinachobaki ndicho unacholipa.

## Kwanza, ni saa yenyewe?

Saa bandia haina bei ya haki, hata ikishushwa mara tatu mbele ya macho yako. Na huyo kijana wa Rolex ya dola 800 nimjibu papa hapa. Submariner mpya ya chuma yenye tarehe huuzwa dukani kwa zaidi ya dola 10,000, na iliyotumika vizuri haishuki mbali na hapo. Ikiletwa mlangoni kwa 800, basi ni feki au ni ya wizi. Usiishushe bei. Irudishe.

Kwa nyingine, pitia haya kabla ya kuzungumza fedha:

- Rolex Day-Date ya chuma. Ni ile inayoandika jina zima la siku juu ya uso wake. Tangu ilipotoka mwaka 1956 huuzwa kwa dhahabu au platinamu tu. Ukionyeshwa ya chuma cha pua, umemaliza kazi.
- Mgongo wa kioo. Karibu Rolex zote zina mfuniko wa nyuma wa chuma au dhahabu uliozibwa. Zinazoonyesha mashine yake ni chache, kama Perpetual 1908 ya mwaka 2023, na hizo hazitembezwi sokoni ndani ya soksi.
- Mshale wa sekunde. Saa nyingi za kisasa zinazojijaza zenyewe hupiga mara 8 kwa sekunde, ndiyo maana mshale unaonekana unateleza. Ukiruka mara moja kwa sekunde, hiyo ni saa ya betri. Rolex iliwahi kutengeneza saa za betri, Oysterquartz, lakini ziliisha mwaka 2001 na si za kukutana nazo njiani. Jihadhari na upande wa pili: feki za leo nazo huteleza vizuri. Kuruka kunaiangusha saa, kuteleza hakuithibitishi.
- Namba. Kwa Rolex za zamani, namba ya modeli na namba ya saa zimechongwa kati ya pembe zinazoshika mkanda, kwa hiyo mkanda lazima uvuliwe ili uzione. Tangu katikati ya miaka ya 2000 namba ya saa ikahamia kwenye ukingo wa ndani, chini ya kioo. Muuzaji mmoja akiwa na saa mbili zenye namba moja, umeshajibiwa.

"Lakini fundi amesema ni orijino." Fundi yupi, na ameifungua? Mafundi saa wengi wa soko ni hodari kwa betri, vioo na mikanda, na hiyo ni kazi ya heshima. Ukweli wa saa ya bei kubwa, hata hivyo, uko kwenye mashine ya ndani. Tafuta fundi wako, mlipe wewe, aifungue mbele yenu wawili. Fundi aliyeletwa na muuzaji anamfanyia kazi muuzaji. Na mwenye saa akikataa mfuniko usiguswe, mazungumzo yamekwisha hapo.

## Bei inayoombwa na bei iliyolipwa

Muuzaji mwerevu atakunyooshea simu: "Mkubwa, angalia mwenyewe, Chrono24 wanaiuza 4,000." Wanaiomba 4,000. Tangazo kwenye soko hilo la mtandaoni hukaa miezi mingi bila mnunuzi, na namba uliyoiona ni matumaini ya mwenye saa, pamoja na faida ya duka, pamoja na garantii ambayo huyu wa hapa hakupi.

Fanya hivi:

1. Tafuta namba kamili ya modeli, si jina tu. Submariner yenye tarehe na isiyo na tarehe, ya mwaka 1990 na ya mwaka 2020, zinaachana kwa maelfu ya dola.
2. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuchuja ili uone vitu vilivyokwisha kuuzwa. Hiyo ndiyo bei iliyolipwa, au iliyo karibu nayo kabisa. Kusanya kadhaa.
3. Tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa. Baki na zile za katikati.
4. Soma maelezo: ile iliyouzwa ilikuwa na boksi, karatasi, risiti ya fundi? Usilinganishe saa iliyovaa suti na saa iliyo uchi.
5. Tazama tarehe ya mauzo. Mwanzoni mwa 2022 bei za Rolex, Patek Philippe na Audemars Piguet zilipaa kupita kiasi, kisha zikashuka. Aliyenunua wakati ule atataka wewe umrudishie hasara yake. Si deni lako.

Huna megabaiti za kutosha? Mwombe ndugu aliye Kinshasa, Kampala au Brussels akutafutie, lakini mwandikie namba ya modeli barua kwa barua. "Nitafutie bei ya Omega" ni swali lisilo na jibu.

## Hesabu yenyewe

Tuseme ni Omega Seamaster ya miaka ya 1990. Namba ninazotumia ni za mfano tu. Zako utazitafuta siku yenyewe. Umeona kwamba kule nje, ikiwa na boksi, karatasi na risiti ya sevisi, huuzwa kwa dola 1,800. Muuzaji wako anataka 1,500 na anadai amekuhurumia.

- Bei ya kuanzia: 1,800
- Hana boksi wala karatasi, toa asilimia 15: 270
- Hana risiti ya sevisi, kwa hiyo hesabu kwamba haijafanyiwa: toa 600
- Kuipeleka kwa fundi anayeaminika nje ya Kisangani na kuirudisha: toa 100
- Ugumu wa kuiuza tena hapa, toa asilimia 10 ya bei ya kuanzia: 180
- Kinachobaki: dola 650

Hapo muuzaji atacheka, au atakasirika. Mwache amalize, kisha umweleze kila mstari. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba karibu kila dola uliyotoa anaweza kuirudisha kwa ushahidi. Akileta risiti ya sevisi ya mwaka jana yenye namba ya saa hiyohiyo, mpe 600 zake na zile 100 za usafiri. Sasa mko kwenye 1,350. Akileta na karatasi za dukani, ongeza tena. Hamgombani juu ya nani mjanja. Mnaulizana nini kipo mezani.

Mstari wa sevisi ndio watu wanaubishia zaidi. "Saa inatembea vizuri, ya nini sevisi?" Mafuta ya ndani hukauka wakati saa bado inatembea, na vyuma vikaanza kulana kimyakimya. Rolex wenyewe hushauri saa ifunguliwe na kusafishwa kila baada ya miaka 10 hivi, kulingana na matumizi. Kazi hiyo kwa saa ya Uswisi ni mamia ya dola, na kwa saa yenye kronografu (kipima muda) ni zaidi, maana ina vipande vingi. Hakuna risiti, basi hakuna sevisi. Neno "nilimpelekea fundi" halina thamani ya hata dola moja.

Mstari wa mwisho nao unahitaji utetezi. Ukiwa Dubai unaweza kuingia duka lolote la saa ukatoka na fedha mchana huohuo. Kisangani utasubiri mtu anayeijua, mwenye dola, anayekuamini. Au utaituma Kinshasa kwa ndege kutoka uwanja wa Bangboka mikononi mwa mtu, naye atataka chake. Umbali huo una gharama, na gharama hiyo iingie kwenye bei leo, kabla haijawa yako peke yako.

"Mimi sitaiuza, nataka kuvaa tu." Wengi husema hivyo. Halafu mtoto anafaulu chuo kikuu, au mama analazwa, na kitu cha kwanza kinachotoka nyumbani ni saa. Nunua kwa bei ambayo siku hiyo haitakuumiza.

## Vinavyokula thamani bila kuonekana

Hapa tunaishi karibu kabisa na mstari wa ikweta, mvua na joto la unyevu mwaka mzima, kwa hiyo adui wa kwanza ni maji. Ukiona ukungu chini ya kioo, hata kidogo kama pumzi, mipira ya kuzuia maji imekufa na kutu imeshaanza safari yake. Maandishi ya "mita 100" kwenye mfuniko yalikuwa kweli siku saa ilipotoka kiwandani. Baada ya miaka 20 bila kubadilishiwa mipira, usiamini hata kunawia mikono.

Mengine ya kukagua kwenye mwanga wa jua, si chini ya balbu ya duka:

- Uso uliopakwa rangi upya. Herufi nene, zilizopinda, au zinazomeremeta kuliko umri wa saa. Kwa mkusanyaji wa saa za zamani, uso wa asili uliochakaa kidogo una thamani kuliko uso mpya wa kuchora, na tofauti inaweza kufika nusu ya bei. Seiko 5 nyingi zinazouzwa rahisi zimepakwa hivyo: rangi za kuvutia, chapa kubwa, na mashine iliyounganishwa kutoka saa tatu.
- Kung'arishwa kupita kiasi. Kingo za saa zikiwa mviringo kama sabuni iliyotumika, chuma kimeliwa na mashine ya kung'arishia. Haing'ai kwa sababu ni nzima. Toa tena.
- Mkanda wa chuma. Ulaze saa ubavu. Mkanda ukining'inia sana, pini zimechakaa. Hesabu pia vipande: mkanda uliofupishwa kwa mkono mwembamba hautakutosha, na vipande vya ziada vya chapa kubwa ni ghali ajabu.
- Kifunguo cha pembeni. Kifungue, kivute, geuza mishale, badilisha tarehe, kirudishe. Kikikwama au kuzunguka bila kushika, hiyo ni kazi ya fundi na ni fedha yako.
- Mwendo. Iweke sawa na simu, iache siku nzima. Kupoteza au kuongeza sekunde chache si kitu. Ikikimbia dakika nyingi ghafla, huenda imeshikwa na sumaku ya spika au simu, na hiyo hutibika kwa bei ndogo, lakini usimwambie muuzaji mapema. Zipo pia programu za simu zinazosikiliza mlio wa saa na kukupa makisio ya mwendo wake.

Ikiwa muuzaji hakuachii saa hata kwa siku moja, iacheni kwa fundi mliyekubaliana, kila mmoja akiwa na karatasi.

## Dhahabu: kuna sakafu ya bei

Kwa saa ya dhahabu tupu, mji wetu una faida ambayo miji mingi haina. Wanunuzi wa dhahabu wapo, mizani ipo, na wanaojua kuipima kwa jiwe na asidi hawako mbali. Tafuta alama 750, ndiyo dhahabu ya karati 18: sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu safi. Saa za Uswisi za dhahabu zilizotoka tangu 1995 huwa pia na kichwa kidogo cha mbwa wa Saint Bernard kilichogongwa.

Hesabu: mkanda na boma la saa (mwili wake wa nje), bila mashine na kioo, vina gramu 40. Zidisha kwa 0.75, unapata gramu 30 za dhahabu safi. Tuseme gramu siku hiyo ni dola 100: sakafu ni 3,000. Bei yoyote iliyo karibu na hapo haikuumizi sana, kwa sababu hata mashine ikifa dhahabu yake inauzika. Bei iliyo chini sana ya sakafu nayo ikutie wasiwasi: kwa nini mwenyewe hajaipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu?

Onyo moja. Mfuniko ukiandikwa kwamba mgongo ni chuma cha pua, maana yake mara nyingi ni kwamba mgongo tu ndio chuma, na boma linalong'aa manjano ni shaba au mchanganyiko mwingine wa bei ndogo uliopakwa dhahabu. "Plaqué", "GP" au "G20" ni utando wa maikroni chache. Hiyo haina sakafu. Irudishe kwenye hesabu ya kawaida.

## Habari za mwenye saa

"Hii ilikuwa ya jenerali." "Mobutu mwenyewe alimpa baba yangu." Huenda ni kweli. Lakini habari bila karatasi haiongezi bei.

Habari yenye ushahidi huongeza, tena sana. Mwaka 2017 Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 17, ikiwa na maneno ya mke wake yaliyochongwa mgongoni. Ndugu zetu Waswahili wa Muscat wanazijua pia saa ambazo Sultani Qaboos alizitoa zawadi, zenye nembo ya jambia la Oman juu ya uso. Wakusanyaji huzilipia zaidi, na kwa sababu hiyohiyo watu hupaka jambia juu ya saa za kawaida. Picha ya mzee akiwa ameivaa, barua, risiti ya zamani yenye jina: leta, tuongeze. Kama hakuna, sikiliza kwa heshima, sema pole kwa msiba, na ulipe bei ya saa.

## Ikitoka Dubai au Ulaya

Dubai si jina la ubora. Katika mji huohuo kuna maduka ya haki ya Deira na kuna Karama, mtaa unaojulikana kwa mifuko na saa za kuiga. Mwambie shemeji akutumie video, si picha: saa ikizungushwa, namba ikisomeka, na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo ikiwa pembeni. Risiti ya duka iwe na namba ya saa. Kodi ya mauzo kule ni asilimia 5. Huku watu wa forodha, DGDA, wakikushika na mzigo usio na risiti, wao ndio watakaokadiria thamani, na kodi ya TVA peke yake ni asilimia 16. Weka gharama hizo kwenye bei kabla hujamwambia ndugu yako "nunua".

Kama una fedha za kutosha kwa Rolex na unasafiri, kuna njia ya usingizi mzuri. Tangu Desemba 2022 kampuni yenyewe ina mpango wa saa zilizotumika, zilizokaguliwa na kuuzwa na maduka yake rasmi kwa garantii ya miaka 2. Utalipa zaidi. Zaidi hiyo ndiyo ile mistari ya kutoa uliyoiona juu: sevisi, uhakika, karatasi. Wao wameshailipa kwa niaba yako.

## Siku ya kulipa

- Mkutane mchana, kwa fundi au ndani ya benki. Usiende na fedha zote ukiwa peke yako.
- Usitume kianzio kwa M-Pesa au Airtel Money kwa saa ambayo hujaigusa. Hakuna saa inayokimbia kiasi hicho.
- Kagua dola zako nyumbani. Noti yenye mpasuko mdogo itakataliwa, na ukifika pungufu muuzaji atafungua upya mazungumzo ya bei.
- Kama kuna komisionere, yaani dalali, katikati, muulizane mapema nani anamlipa. Asilimia yake isijifiche ndani ya "bei ya mwisho".
- Andikeni karatasi ya mauziano: majina, namba za kadi za mpiga kura, namba ya modeli, namba ya saa, bei, tarehe, shahidi wa kila upande. Muuzaji akisita kutaja jina lake, saa si yake.
- Kwa saa ya maelfu ya dola, kuna hifadhi za kimataifa za saa zilizoibwa, kama The Watch Register ya London, ambazo kwa malipo kidogo hukutafutia namba. Saa ya wizi unaweza kunyang'anywa uwanja wa ndege wowote.

## Mfuko ukiwa wa dola 300

Usitafute Rolex. Kwa kiasi hicho Seiko 5 mpya, au Tissot iliyotumika yenye karatasi, ni saa kamili, na vipuri vya Seiko fundi wa kawaida huvipata. Hesabu ni ileile, mistari tu ni mifupi. Kwa Seiko kuna msaada wa ziada: tarakimu ya kwanza ya namba ya mgongoni ni tarakimu ya mwisho ya mwaka iliotengenezwa, ya pili ni mwezi, ambapo 0 ni Oktoba, N ni Novemba na D ni Desemba. Muuzaji akikwambia ni ya mwaka jana, hesabu mwenyewe mbele yake.

Na ukimaliza hesabu ukabaki na shaka juu ya mstari mmoja, lala nayo usiku mmoja zaidi. Muuzaji akikwambia kuna mtu mwingine anakuja kesho asubuhi na fedha kamili, mwache huyo mtu aje.